Mwanangu amekuwa wa 12 kati ya 14 kwenye vipimo vya tenisi. Je, ni mzito kweli?

Swali

Mwanangu wa kiume amezaliwa Desemba, ana miaka 13 na miezi miwili, na anacheza tenisi tangu akiwa na miaka saba. Mwezi Februari aliitwa Nairobi kwenye kambi ya uteuzi ya watoto waliozaliwa mwaka wake. Tulitoka Mombasa kwa basi la usiku na asubuhi hiyo hiyo wakapimwa, kila mtoto mara moja kwa kila kipimo. Amerudi na karatasi: jaribio la buibui sekunde 19.8, mbio za mita 20 sekunde 3.9, kuruka juu sentimita 27, jaribio la mlio hatua ya 6, urefu sentimita 151. Kwenye buibui akawa wa 12 kati ya 14. Aliyekuwa wa tano alipata 19.0. Chini wameandika: "Mzito. Wepesi duni." Ajabu ni kwamba mwanangu huwashinda wawili kati ya waliomzidi kila wakikutana kwenye mechi. Kocha mmoja hapa ananishauri awe anakimbia ufukweni na vifuko vya mchanga miguuni. Mtoto mwenyewe ameanza kusema hataki tena. Je, hana kipaji? Na hayo mazoezi ya mchanga nimpe?

Mama, Mombasa

Jibu

Mama, vifuko vya mchanga usimpe. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo linaloweza kumdhuru kesho jioni. Mengine tuna nafasi ya kuyazungumza taratibu.

Sina ugomvi na namba za karatasi hiyo. Ugomvi wangu ni na yale maneno matatu ya chini, kwa sababu hayatoki kwenye namba. Aliyeyaandika ameruka kutoka kwenye saa hadi kwenye mtoto, na katikati ameacha mambo mengi bila kuyaangalia.

Tuanze na buibui maana ndiyo iliyomuumiza. Kipimo hiki kilienezwa na chama cha tenisi cha Marekani, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji mashine: uwanja, mipira mitano na saa, basi. Mtoto anaanzia kwenye alama ya katikati ya mstari wa nyuma. Mipira miwili huwekwa kwenye pembe, pale mstari wa nyuma unapokutana na mistari ya pembeni ya mchezo wa mmoja kwa mmoja. Miwili mingine iko kwenye ncha mbili za mstari wa sevisi, na mmoja uko katikati ya mstari huo. Anakimbilia mpira, anaurudisha, anauweka ndani ya kisanduku kilichochorwa nyuma ya alama ya kuanzia, anakwenda kuchukua mwingine, mpaka mitano iishe. Wako wanaotumia raketi iliyolazwa chini badala ya kisanduku, na hiyo tu inatosha kubadilisha muda, kwani mpira juu ya nyuzi za raketi haubingiriki kirahisi.

Sasa chukua kalamu. Kutoka alama ya katikati hadi pembe ni mita 4.1. Hadi ncha ya mstari wa sevisi ni mita 6.9 hivi, na hadi katikati ya mstari huo ni mita 5.5. Kwenda na kurudi kote ni karibu mita 55. Mwanao alizimaliza kwa sekunde 19.8, yaani mita 2.8 kwa kila sekunde. Lakini karatasi hiyo hiyo inasema mita 20 za moja kwa moja alizikata kwa sekunde 3.9, na hapo anatoka na zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Mwendo wake kwenye buibui ni kama nusu ya mwendo wake akikimbia moja kwa moja.

Hilo si ugonjwa wake peke yake, watoto wote huwa hivyo. Ndani ya buibui hakuna kipande kinachofika mita 7, kwa hiyo mtoto hajaanza kuchanganya mwendo, tayari anatakiwa afunge breki. Kuna vipande kumi na migeuko tisa. Kwa sehemu kubwa saa inapima jinsi anavyosimama, anavyoinama, anavyookota na kuweka mpira, na anavyojisukuma kuondoka. Kasi ya miguu inaingia kidogo tu.

Tofauti kati yake na yule wa tano ni sekunde 0.8. Igawe kwa migeuko tisa: ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila mgeuko. Sehemu hiyo inapotelea wapi? Mtoto anafika kwenye mpira akiwa amesimama wima, ndipo anainama. Au anamalizia na hatua tano ndogo ndogo ambapo tatu zingetosha. Au anaokota kwa kukunja mgongo badala ya kushusha nyonga, na akiinuka uzito wote uko kwenye vidole vya mbele huku safari ni ya kurudi nyuma. Au anautupa mpira kwenye kisanduku, unatoka, anarudi kuuweka. Kosa hilo la mwisho peke yake linaweza kula sekunde nzima, na karatasi haitasema.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokuomba ufanye halihitaji mtaalamu yeyote. Mpeleke uwanjani asubuhi akiwa amelala vizuri, panga mipira kama nilivyoeleza, na mrekodi kwa simu. Simama upande, mita kadhaa nje ya mstari wa pembeni, usawa wa katikati ya mstari wa nyuma na wa sevisi, ili umwone mwili mzima akiwa anageuka. Simu nyingi siku hizi zina video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde. Kisha kaeni pamoja, wewe na yeye, mtazame mgeuko mmoja mmoja. Mtoto wa miaka 13 akijiona anasimama wima kabla ya kuinama, huhitaji kumhubiria.

Kuna suala la saa pia. Naamini kambi ilitumia saa ya mkononi, kama kambi nyingi. Kwenye riadha, muda wa mita 100 uliochukuliwa kwa mkono huongezewa sekunde 0.24 ndipo ulinganishwe na wa mitambo ya umeme, kwa sababu kidole cha binadamu huchelewa kuanzisha saa kisha huwahi kuisimamisha. Watu wawili wakimpima mtoto mmoja kwenye mbio zile zile, kutofautiana kwa sehemu mbili za kumi ni jambo la kawaida. Mtoto akikimbia mara moja tu, na kidole kikiwa hivyo, nafasi ya 12, 11 na 10 zinaweza kubadilishana bila yeyote kuwa mwepesi au mzito kuliko jana. Utaratibu unaokubalika ni kukimbia mara mbili au tatu, kupumzika dakika mbili tatu katikati, na kuchukua muda bora. Ongeza hapo saa nane za kukaa kwenye kiti cha basi bila usingizi wa maana. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Sijui alipata ngapi kati ya Mtito na Emali.

Tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote kwenye karatasi hiyo, na halikupewa hata mstari mmoja: urefu na tarehe ya kuzaliwa.

Umri wa mashindano ya vijana ya tenisi huhesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Mwanao ni wa Desemba. Aliyezaliwa Januari ya mwaka ule ule amemtangulia miezi 11, na kwa umri huo miezi 11 ni kilo kadhaa za misuli. Lakini hata hilo ni dogo mbele ya suala la kubalehe. Kwa wastani wasichana huwa kwenye kilele cha kurefuka wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakiwa na 14 hivi, na neno "wastani" linaficha mengi. Katika kundi la wavulana 14 waliozaliwa mwaka mmoja, usishangae ukikuta wawili miili yao imepishana ukomavu kwa miaka mitatu au zaidi. Mmoja ameshaanza kuota ndevu, mwingine bado sauti ya kike. Ukiwapanga kwenye mstari mmoja ukawakimbiza mita 20, ukawarusha juu, kisha ukawaorodhesha, sehemu kubwa ya orodha hiyo ni orodha ya nani amebalehe mapema.

Sentimita 151 kwa mvulana wa miaka 13 ni mfupi kidogo kuliko wastani, lakini ni urefu wa kawaida kabisa. Unanionyesha picha ya mtoto ambaye bado hajaanza kurefuka. Kuna kanuni iliyotolewa mwaka 2002 na Mirwald na wenzake huko Kanada inayokadiria mtoto yuko umbali gani kutoka kwenye kilele hicho, kwa kutumia umri, uzito, urefu wa kusimama na urefu wa kuketi. Ina makosa yake, inaweza kupotoka karibu mwaka mzima, lakini ni afadhali kuliko kukisia. Wewe nyumbani huna haja nayo. Weka alama ukutani kila tarehe mosi ya mwezi, bila viatu, asubuhi. Pima pia akiwa ameketi kwenye benchi lile lile, mgongo umegusa ukuta. Miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata. Ukiona alama za kusimama zinapanda haraka na za kuketi zimelala, ujue safari imeanza. Katika kilele chake mvulana huongeza kama sentimita 9 au 10 kwa mwaka.

Na ukiulizwa kama ufupi utamzuia, wajibu kwamba Diego Schwartzman wa Argentina, mwenye mita 1.70, alifika nambari 8 duniani mwaka 2020. Sisemi ufupi ni faida kwenye tenisi, maana sevisi inapenda warefu, lakini mlango haujafungwa.

Sasa lile ajabu lako: anawashinda wawili waliomzidi kwenye karatasi. Mimi sioni ajabu. Naona jibu.

Kwenye buibui mtoto anajua kila kitu kabla hajaanza. Mpira wa kwanza uko pale, wa pili pale, hakuna anayeuhamisha. Kwenye mechi hajui. Mwaka 2006 Sheppard na Young, watafiti wa Australia, waliandika kwamba wepesi wa michezo ni kubadilisha mwendo au mwelekeo wa mwili kwa kuitikia kitu kilichotokea, na tangu hapo wataalamu wengi wamekuwa wakitenganisha vitu viwili ambavyo zamani viliwekwa kapu moja: kugeuka haraka kwenye njia unayoijua, na kugeuka haraka kwa sababu umeona jambo. Buibui, jaribio la Illinois, lile la herufi T, la kurukaruka kwenye pembe sita, yote ni ya kundi la kwanza. Kumpima mchezaji wa tenisi kwa hayo peke yake ni kumpa dereva wa matatu leseni baada ya kumwona akiendesha kwenye barabara tupu Jumapili alfajiri.

Tazama mechi yenyewe. Watafiti waliopima wamekuta kwamba takriban asilimia 80 ya mipira hupigwa ndani ya mita mbili na nusu kutoka pale mchezaji aliposimama. Mita mbili na nusu ni hatua mbili tatu. Hapo anayeshinda ni aliyeanza mapema, hata kama mwenzake ana miguu ya swala. Na kuanza mapema kunatokana na macho: kuona bega la mpinzani linavyofunguka, uso wa raketi unavyoelekea, mpira ulivyorushwa wakati wa sevisi. Kunatokana pia na kile kiruko kidogo ambacho wachezaji wazuri hukifanya mpinzani anapopiga, ili miguu itue chini pale pale anapotambua mpira unakwenda upande gani. Akitua mapema mno, miguu inalala. Akichelewa, mpira umeshapita. Mtazame mwanao kwenye mechi ijayo, usiangalie mpira, angalia miguu yake tu. Naamini utakikuta kiruko hicho mahali pake.

Unaweza kuupima wepesi huu wa pili bila gharama. Mtu mzima asimame mita tatu mbele ya mtoto akiwa amenyoosha mikono pande zote mbili, mpira mmoja kila mkono, usawa wa bega. Anaachia mmoja bila kutoa ishara. Mtoto anatakiwa kuudaka kabla haujagonga chini mara ya pili. Akiudaka mara nyingi, rudi nyuma nusu mita, na endelea hivyo mpaka aanze kukosa. Andika umbali. Ukirekodi kwa ile video ya polepole, hesabu picha kuanzia mpira unapoachana na vidole hadi mguu wa kwanza unapoanza kusogea. Kwa picha 240 kwa sekunde, picha 60 ni robo ya sekunde. Fanya mara kumi, changanya kulia na kushoto bila mpangilio, na utenganishe hesabu za pande mbili. Mara nyingi upande mmoja ndio unaochelewa, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Hizo namba nyingine nitazipitia haraka. Kuruka sentimita 27 hakuna maana mpaka ujue alirukaje. Akiruhusiwa kurusha mikono ataruka juu zaidi kuliko akishika kiuno. Nyumbani mpime akiwa ameshika kiuno, umrekodi miguuni, uhesabu picha kuanzia vidole vinapoachana na ardhi hadi vinapogusa. Chukua muda huo kwa sekunde, uzidishe wenyewe kwa wenyewe, kisha mara 9.81, ugawe kwa 8: unapata urefu wa kuruka kwa mita. Picha 120 ni nusu sekunde, na nusu sekunde hewani ni sentimita 31 hivi. Ukikosea picha tatu umekosea karibu sentimita moja na nusu, kwa hiyo usishangilie wala kulia kwa sababu ya sentimita moja. Na asikunje magoti hewani, huko ni kuidanganya saa.

Jaribio la mlio, lile la kukimbia mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata sauti, ni kazi ya Luc Léger wa Montreal. Linaanza kwa kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika, kwa hiyo hatua ya 6 ni kilomita 11 kwa saa. Ni kipimo kizuri cha pumzi. Lakini mwanao ni mtoto wa pwani aliyeshuka basi akakimbizwa kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko alikozoea, na oksijeni anayoivuta inapungua kwa kiasi hicho hicho. Wenzake wa Nairobi wanaishi ndani ya hewa hiyo. Mbio fupi haziathiriki, lakini hii ya mlio inaathirika, na kumlinganisha nao asubuhi ya kwanza si haki. Isitoshe alama nyingi za tenisi huisha ndani ya sekunde kumi, kisha sheria humpa mchezaji hadi sekunde 25 kabla ya alama inayofuata. Pumzi ya tenisi ni ya kuwaka na kupoa. Hatua ya 6 kwa mtoto huyu, siku hiyo, mimi ningeipita bila kusema neno.

Mbio za mita 20, sekunde 3.9, hapo nakubali: si za haraka. Ndiyo namba pekee kwenye karatasi ninayoichukulia kwa uzito. Lakini kasi hiyo hupanda yenyewe misuli inapokuja na kubalehe, na nguvu za miguu zinaweza kuanza kujengwa sasa.

Kilichonikera kidogo ni kipimo ambacho hakikuwemo. Kambi ya tenisi imempima mtoto miguu na pumzi, bega halijaguswa. Mchezaji anayepiga sevisi tangu akiwa na miaka saba huanza kupoteza uwezo wa kuzungusha bega la mkono wa raketi kuelekea ndani, na tofauti kubwa kati ya bega moja na jingine ni dalili ya kuangaliwa mapema. Alale chali, kiwiko kiwe usawa wa bega na kikunjwe kwa pembe mraba, vidole vikitazama dari. Shika bega lisiinuke, kisha mwache ashushe kiganja kuelekea miguuni. Linganisha mikono miwili. Ukiona mkono wa raketi unabaki juu kwa wazi, mtafute mtaalamu wa tiba ya viungo amwone kabla hajaanza kulalamika.

Turudi kwenye mazoezi. Uzito ulioning'inizwa kwenye kifundo cha mguu unavuta goti na nyonga kila mguu unapotupwa mbele, na kwa mtoto anayekaribia kurefuka, sehemu laini za mifupa, pale kano zinaposhikilia chini ya goti na kwenye kisigino, ndizo zinazolipa. Mchanga laini nao humeza nguvu. Mguu unakaa chini muda mrefu, mtoto anajifunza kuondoka polepole, na wewe ulitaka kinyume chake. Ufuko wenyewe sina neno nao. Maji yakipwa, mchanga ule mgumu wa Nyali au Bamburi ni uwanja mzuri, peku, bila vifuko.

Na pale ufukweni, mwache acheze kati. Ndiyo, kati ile ile ya mpira wa matambara ambayo Tanzania wanaiita rede: wawili pembeni wanarusha, mmoja katikati anakwepa. Sijaona zoezi la kununua linaloishinda kwa kile tunachokitafuta. Anatazama mkono wa mrushaji, anasubiri, anashuka, anaondoka upande asioujua sekunde moja kabla. Watoto wa siku hizi wa tenisi wanafunzwa ngazi za kamba na koni za rangi, hatua zimekaririwa kama wimbo wa shule, halafu tunashangaa hawasomi mpira. Kwa ngazi za kamba nina subira ndogo, utanisamehe.

Mara mbili kwa wiki afanye kazi ya nguvu, dakika 20 au 30 zinatosha: kuchuchumaa na kuinuka, kupiga hatua ndefu mbele na pembeni huku nyonga zikishuka, kupanda kidato kwa mguu mmoja. Mazoezi ya nguvu yakisimamiwa vizuri hayamdumazi mtoto, ile ni hofu ya zamani. Kisha breki. Aruke kutoka kwenye kidato cha sentimita 20 atue kwa miguu miwili na kuganda kama sanamu kwa sekunde mbili, magoti yasiingie ndani. Akiweza hilo bila kuyumba, afanye kwa mguu mmoja. Baada ya hapo akimbie mita nne, asimame kabisa kwenye mstari na kuganda, nyonga chini, mguu wa nje ukiwa ndio unaobeba. Kuondoka kwa kasi hujengwa juu ya kusimama vizuri, na mtoto asiyejua kusimama huogopa kukimbia. Mwisho mpe marudio mafupi ya uwanjani, sekunde sita hadi nane za kazi, 25 za kupumzika, mara sita, kocha akielekeza kwa mkono kushoto au kulia wakati kiruko kikiwa hewani. Akianza kuchoka, simamisha. Wepesi haufunzwi kwenye miguu iliyochoka.

Kurefuka kukianza, huenda mambo yakaharibika kwa muda. Miguu inakuwa mipya, mpira aliokuwa akiufikia anaupita, muda wa buibui unaweza hata kurudi nyuma. Usiogope, na usikubali mtu aongeze mazoezi "kumrudisha". Miezi hiyo punguza kuruka na sevisi nyingi. Maumivu chini ya goti au nyuma ya kisigino baada ya mchezo ni ya kawaida kwa umri huo na hutulia mzigo ukipungua. Lakini akichechemea, akiamshwa usiku na maumivu, au mgongo wa chini ukimuuma anapojipinda nyuma kwa sevisi, huyo ni wa daktari, na raketi ipumzike kwanza.

Mpime tena baada ya miezi mitatu au minne, si kila Jumamosi. Kabla ya hapo, wiki hii, mpime buibui siku mbili tofauti, bila mazoezi yoyote ya maana katikati, akikimbia mara mbili kila siku. Tofauti kati ya muda bora wa siku hizo mbili ni kelele tu, si maendeleo. Tuseme ni sekunde 0.3: basi siku akipunguza 0.2 usimwambie amepanda, na akiongeza 0.2 usimwambie ameshuka. Uwanja uwe ule ule, viatu vile vile, saa za siku zile zile, mshika saa yule yule. Andika na urefu wake wa siku hiyo kando ya kila muda.

Umeniuliza kama ana kipaji. Kwa karatasi hii hakuna mtu anayeweza kukujibu, si ndiyo wala siyo, na atakayekujibu mwogope. Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili Julai 2022 alikuwa na miaka 18. Kutoka hapa mwanao alipo hadi umri huo ni karibu miaka mitano, na sehemu kubwa ya mwili atakaochezea bado haijafika.

Kuhusu kutotaka tena: msikilize, usimlazimishe, lakini kwanza mwonyeshe hesabu ya migeuko tisa. Mtoto aliyeambiwa ni mzito hana la kufanya. Akiambiwa anapoteza sehemu moja ya kumi kwa sababu anasimama wima kabla ya kuinama, analo la kufanya jioni hiyo hiyo.

Kambini nako andika barua fupi ya heshima, uulize mambo matatu: walitumia kisanduku au raketi, saa ilikuwa ya mkono au ya mitambo ya umeme, na kama watampima tena akifika siku moja kabla na kulala. Ambatanisha matokeo ya mechi zake na wale vijana wawili.